Sanduku la Mbegu la Mama Phelista

Panya walimaliza mbegu za Mama Phelista ndani ya juma moja, mwezi wa Machi mwaka 2003, mvua za kupanda zikiwa zimeshaanza kunukia. Walianza na njugu zilizokuwa kwenye kibuyu, wakatoboa mifuko ya maharagwe mmoja baada ya mwingine, na chupa ya wimbi wakaiangusha kutoka juu ya kabati ikapasuka. Mama alipoingia chumbani asubuhi ya siku ya soko, achukue mbegu za kupeleka sokoni hapo Chwele, alikuta maganda na mavi ya panya. Alikaa kitandani akalia. Mwanamke huyu alimzika mumewe bila kudondosha chozi mbele ya watu, kwa hivyo habari kwamba amelia ilifika Kiminini kabla ya siku mbili kwisha.

Kiminini ndiko alikoolewa binti yake Jentrix. Mume wa Jentrix aliitwa Wepukhulu, mwalimu wa hisabati katika shule ya msingi, mtu mrefu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa elimu ya bure na darasani kwake walikuwa watoto tisini na sita. Jioni alikuwa akifika nyumbani hana sauti.

"Baba Metrine, mama amelia," Jentrix alimwambia siku hiyo akimwekea chai.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Ni mbegu. Panya wamemaliza zote, hata ile maharagwe ya kanjano aliachiwa na nyanya yake."

Wepukhulu aliweka kikombe chini. Kila msimu, kwa miaka saba tangu aoe, ulikuwa ukija mfuko wa kaki kutoka Chwele umejaa mbegu zilizochaguliwa moja moja, safi, zimepakwa majivu. Shamba lake dogo la nyuma ya nyumba lilipandwa mbegu hizo. Watoto wake walikua kwa maharagwe hayo. Na kwa miaka saba alikuwa hajawahi kumwambia mama mkwe wake asante kwa mdomo wake mwenyewe.

Hakuwa mtu asiye na shukrani. Ni desturi tu. Kwa Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawaangaliani usoni, na chumba anacholala mama mkwe ni mahali ambapo mguu wa mkwe haukanyagi. Wepukhulu alipokwenda Chwele alisalimia kutoka mbali, macho yakiwa chini, na mama akajibu kutoka jikoni. Basi. Mengine yote yalipitia kwa Jentrix.

"Nitamtengenezea sanduku," alisema. "La mbao. Panya hawataingia."

Jentrix alicheka mpaka akashika meza. "Wewe? Si juzi ulipigilia msumari kwa kiti ya Metrine ukatokea upande wa pili, mtoto akararua nguo? Nunua sanduku ya bati, mambo yaishe."

"La bati linatoa jasho. Mbegu zitaota humo ndani."

"Basi mpe fundi kazi."

"Hapana," alisema Wepukhulu. Hakueleza zaidi, na Jentrix, aliyemjua, akamwongezea chai.

Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti, alipanda gari kwenda Kitale kutafuta mtu wa kumfundisha. Mafundi watatu wa kwanza walimwambia neno lile lile: Mwalimu, wewe sema saizi, rudi wiki ijayo ubebe. Wa nne alikuwa mwanamke. Aliitwa Jerono, mtu wa Kapsokwony, mfupi, mwenye mikono minene na kalamu ya risasi iliyochomekwa kwenye kitambaa cha kichwa. Baba yake alikuwa akitengeneza mabenchi ya makanisa huko Mlima Elgon, na alipokosa mtoto wa kiume wa kurithi randa, alimpa binti.

Jerono hakuuliza saizi. Aliuliza, "Ni ya nani?"

"Ya mama mkwe."

Fundi alimtazama kutoka viatuni mpaka miwani. "Hata kwetu mama mkwe ni mtu wa heshima," alisema. "Kuja Jumatatu. Na uvae nguo mbaya."

Walikubaliana hivi: Wepukhulu atafagia maranda, atashikilia mbao fundi akizipasua, na fundi atamfundisha. Siku mbili za kwanza hakuruhusiwa kushika kitu kingine ila randa. Alilainisha ubao mmoja wa saiprasi mpaka ukawa mwembamba kama rula. Mabega yakamuuma hata kuinua kijiko ikawa kazi.

"Unasukuma kama mtu anafukuza ng'ombe," Jerono alimwambia. "Wewe sukuma ikiwa inataka kwenda. Sikiza sauti yake. Ikilia vizuri, iko sawa."

Siku ya tano alimaliza sanduku la kwanza, dogo, la majaribio. Aliliweka juu ya meza ya fundi akarudi nyuma hatua mbili kulitazama. Jerono alilisukuma kwa kidole kimoja. Likayumba. Akachukua skwea, chuma cha kupimia pembe, akaiweka kwenye kona, mwanga ukapita katikati ya chuma na ubao.

"Mwalimu, pembe mraba ni digrii ngapi?"

"Tisini."

"Na hii?"

Wepukhulu aliinama akafunga jicho moja. Alikuwa amechora pembe mraba ubaoni kwa miaka kumi na moja. "Kama themanini na sita," alikiri.

Mafundi wa banda la jirani walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Jerono hakucheka. Alilichukua lile sanduku akalitia nyasi na kuliweka nyuma ya banda. Kabla ya juma kwisha kuku wake alikuwa ametaga humo.

Wepukhulu alipanda gari la jioni. Alifikiria kuacha. Lakini asubuhi alivaa tena ile suruali yenye kiraka, na alipofika, Jerono alikuwa amemtolea mbao za mvule zilizotoka kwenye sakafu ya nyumba kuukuu ya mlowezi iliyobomolewa huko mashambani. Zilikuwa nzito na nyeusi kwa uchafu. Wepukhulu alipopitisha randa mara ya kwanza, chini ya ule uchafu ikatokea rangi ya asali.

"Hii panya hawezi," alisema Jerono. "Ataacha meno hapo. Sasa niambie vipimo."

Vipimo alivileta Jentrix. Alikwenda Chwele kumsalimia mama yake, na mama alipotoka kwenda kukama, alipima kwa kamba ya katani ile nafasi iliyobaki kati ya kitanda na ukuta. Alipiga fundo la urefu, fundo la upana na fundo la kimo. Akasema chumbani hakuna mahali pengine, kwingine kote ni magunia. Mwalimu alichukua ile kamba, akaihesabu kwa futi mara tatu, akaandika kwenye daftari: urefu futi nne na nusu, upana futi mbili na nusu, kimo hivyo hivyo.

Kazi ya mvule ilichukua siku kumi na tisa. Ubao ule ulikuwa mgumu hata msumeno ulitoa moshi. Siku ya tatu patasi iliteleza ikampasua kidole gumba cha kushoto, na Jerono akakifunga kwa kitambaa akimwambia kila fundi ana alama hiyo, akamwonyesha zake nne. Polepole Wepukhulu alijifunza kukata meno kwenye ncha za mbao, meno ya ubao mmoja yakaingia kati ya meno ya mwenzake, bila msumari. Ndani aliweka vyumba sita: vitatu vya maharagwe ya rosekoko, wairimu na kanjano, kisha cha njugu, cha wimbi na cha kunde. Chini akatandika bati na juu yake ubao mwembamba. Akaliwekea miguu minne mifupi lisinyonye unyevu wa sakafu. Kifuniko alikirudia mara mbili, mpaka kikawa kinakaa kwa sauti laini, kama mtu anayeshusha pumzi.

Jerono aliweka skwea kwenye kila kona. Mwanga haukupita popote. Alimwaga njugu vikombe viwili ndani, akafunga, akaliacha sanduku bandani mwake, mahali ambapo panya walikuwa wakila hata gundi. Baada ya siku tatu walilifungua pamoja. Njugu zilikuwamo zote. Kwenye mguu mmoja tu kulikuwa na mikwaruzo midogo ya meno, kama mtu aliyejaribu kufungua soda kwa mdomo akaacha.

"Enda nayo," alisema Jerono. Na Wepukhulu alipokuwa akilifunga kwa blanketi, fundi aliongeza bila kumtazama, "Ni sanduku mzuri, Mwalimu."

Jumamosi ya mwisho wa likizo walikodi pikapu ya Waithaka, mfanyabiashara wa viazi wa Kiminini, wakalipakia na kushuka hadi Chwele kupitia Kimilili. Jentrix alikaa mbele. Wepukhulu alikaa nyuma na sanduku, akilizuia kwa magoti kila walipokutana na shimo. Ilikuwa siku ya jua. Watu wa njiani walimpungia mkono wa pole wakidhani ni jeneza, kisha wakaona anatabasamu, wakachanganyikiwa.

Walipofika, kaka yake Jentrix aitwaye Wangila alitoka mbio. Yeye na Waithaka wakalibeba. Wepukhulu, kwa heshima, alisimama nje karibu na ghala la mahindi, akageuza uso upande wa migomba, akasikiliza. Alisikia sanduku likipita mlango wa mbele. Alisikia miguu sebuleni. Kisha akasikia kishindo, na kimya, na kishindo tena.

"Geuza," ilisema sauti ya Wangila.

"Nimegeuza."

"Simamisha basi."

"Imesimama, bana! Haiingii!"

Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wa zamani, uliokatwa enzi za mumewe, na upana wake haukuzidi futi mbili. Walijaribu kwa ubavu, kwa kichwa, kwa miguu. Jentrix alitoka nje ameshika mdomo.

"Ulipima mlango?" Wepukhulu alimuuliza.

"Uliniambia nipime mahali pa kukaa. Hukusema nipime mahali pa kupita."

Mwalimu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Watoto wake wa darasa la sita alikuwa akiwaambia kila siku wasome swali mpaka mwisho.

Wangila alisema wakate miguu na kupunguza pembeni kidogo. Waithaka alisema likae sebuleni, kwani sebuleni kuna ubaya gani? Lakini kila mtu alijua sebuleni ndiko wageni wanakopita na kuku wanakolala, na mbegu hazikai hapo. "Nitalirudisha Kitale," Wepukhulu alisema mwishoni. "Nitalikata katikati liwe masanduku mawili." Alisema vizuri, kwa utulivu, lakini kidole gumba cha kulia kilikuwa kinazunguka juu ya ile alama mpya ya kushoto.

Hapo Mama Phelista akatoka jikoni. Alikuwa mwanamke mwembamba, aliyenyooka, leso imefungwa kiunoni. Alisimama mlangoni pa jikoni na kutazama ardhi. Wepukhulu naye akatazama ardhi. Kati yao palikuwa na hatua kumi, na Jentrix katikati.

"Muulize huyo mwalimu," mama alisema, "hiyo kitu alitengeneza kwa siku ngapi."

Jentrix aligeuka. "Mama anauliza ni siku ngapi."

"Mwambie mama ni siku kumi na tisa."

"Anasema kumi na..."

"Nimesikia. Muulize hiyo kidole ilikatwa na nini."

"Mwambie mama ni patasi."

Mama alitembea mpaka sebuleni, na nje wakasikia kifuniko kikifunguka na kufungwa, kikifunguka na kufungwa. Aliporudi alikuwa ameshika jembe.

"Mwambie sanduku haikatwi," alisema. "Mlango ni mbao na fremu, hiyo ikibomolewa lazima nilipe fundi. Lakini ukuta ni matope. Huo ukuta nilikanda na hii mikono nikiwa na mimba yako wewe. Nitakanda tena."

"Mama!" Wangila alishtuka.

"Wewe leta panga ukate fito. Unaangalia nini?"

Akazunguka nyuma ya nyumba, akapiga jembe la kwanza. Matope makavu yakamwagika kama unga. Majirani walikuja kuona ni kwa nini Mama Phelista anabomoa nyumba yake mchana, na walipoelezwa, wawili wakakimbia kuleta majembe yao. Wangila alikata fito. Kabla ya nusu saa, palikuwa na tundu ambalo ndama angeweza kupita. Wepukhulu alikuwa amegeuka kabisa, mgongo kwa nyumba, uso kwa migomba, kwa maana sasa chumba cha mama mkwe kilikuwa kimefunguka kwa dunia yote, na hata kitanda kilionekana.

Sanduku liliingia. Jentrix alipiga yowe la furaha. Lilikaa kati ya kitanda na ukuta kama lilizaliwa hapo, fundo kwa fundo.

Lakini ukuta ulikuwa wazi, na mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Mlima Elgon. Mama aligawa kazi bila kupoteza muda. Waithaka na Wangila wachote maji mtoni. Jentrix na majirani wakate nyasi za kuchanganya. Yeye mwenyewe atakandika kutoka ndani, kwa sababu hataki mwanamume amtazamie kitanda. Nje akabaki mtu mmoja. Fito mpya zilipofungwa, Wepukhulu alikunja suruali, akaingia kwenye matope mpaka magotini, akaanza kukandika upande wake, macho yakiwa kwenye matope.

Walianza kutoka chini. Kila donge alilobandika nje, lingine lilibandikwa ndani, akasikia kofi la kiganja cha mama upande wa pili. Ukuta ulipofika kiunoni, kisha kifuani, kisha usoni, ukawafunika wote wawili hata hakuna aliyemwona mwenzake. Hapo sauti ikatoka ndani, bila kupitia kwa Jentrix.

"Mwalimu."

Wepukhulu alisimama na donge mkononi. "Mama?"

"Sasa kuna ukuta hapa katikati. Tunaweza kuongea."

"Ndiyo, mama."

"Nani alikufundisha hiyo kazi?"

"Fundi mmoja wa Kitale. Anaitwa Jerono."

"Jerono? Ni mwanamke?"

"Ndiyo, mama. Mtu wa Kapsokwony."

Kicheko kilichotoka ndani kilikuwa kama cha msichana. Wepukhulu hakuwahi kukisikia. "Mwambie asante," mama alisema. "Mwambie hizo meno za kwa kona, nimehesabu. Hakuna hata moja imekosa mwenzake."

Walikandika madonge mawili, matatu. Wepukhulu alikuwa amepanga maneno yake tangu Machi, na sasa yote yalimkimbia. "Mama," alisema, "zile mbegu. Miaka yote saba. Tulikula. Watoto walishiba. Sikuwahi kukwambia."

Kiganja cha ndani kiliacha kupiga. Upepo wa mvua ulipita juu ya migomba. Mama alikohoa kidogo.

"Asante nimepokea," alisema. "Lakini kwa vile umetaja, hata mimi niko na neno. Hiyo maharagwe yako unapanda karibu karibu sana."

"Karibu karibu?"

"Miaka saba! Nikikuja huko Kiminini naona. Zimesongamana kama watu wa mazishi. Kanjano inataka nafasi, weka shibiri mbili. Nilimwambia Jentrix akuambie. Hakukuambia?"

"Hakuniambia, mama."

"Jentrix!"

Jentrix, aliyekuwa anakuja na mzigo wa nyasi kichwani, alisimama akaelewa yote mara moja. "Mama, angeumia roho! Alikuwa anafurahia sana shamba yake!"

Wote wawili, wa ndani na wa nje, walicheka kwa wakati mmoja, na Jentrix akasimama pale akitazama ukuta na mumewe aliyejaa matope hadi kwenye miwani. Kisha mama akaendelea. Alimweleza habari ya wairimu isiyopenda samadi mbichi. Akamweleza njugu zipaliliwe lini. Akamwambia pale kwenye kona karibu na choo aache kupanda kabisa, apande ndizi. Wepukhulu aliuliza maswali, akajibiwa, akauliza mengine, kama mtoto aliyekaa mbele darasani. Tundu lililobaki juu lilizidi kuwa dogo. Likawa kama sinia, kisha kama sahani, kisha kama ngumi.

"Mwalimu," sauti ikaja kupitia hapo, "matope yako ni mepesi. Ongeza nyasi."

Aliongeza nyasi. Akabandika, na upande wa pili kiganja kikabandika, na tundu likafungika.

Matone ya kwanza yalipoanguka walikuwa wamekwisha kufunika ukuta kwa turubai la Waithaka. Chakula kiliandaliwa sebuleni: ugali, kuku wa kienyeji, na mboga za mrenda. Wepukhulu alinawa, akakaa na Wangila na Waithaka, na mama akala jikoni na wanawake, kila mtu mahali pake. Alipoinua macho mara moja na kuona leso ya mama ikipita mlangoni, aliyashusha tena kwa haraka.

"Mlikuwa mnaongea nini muda huo wote?" Jentrix alimuuliza walipokuwa wakirudi, wamebanana wote watatu mbele kwa sababu ya mvua.

"Maharagwe," alisema Wepukhulu.

Alitoa daftari mfukoni. Karatasi zilikuwa na alama za vidole vya matope. Akaomba kalamu kwa Waithaka, akaanza kuandika kabla hajasahau: kanjano, shibiri mbili, wairimu, samadi iliyooza, kona ya choo, ndizi. Gari liliruka kwenye shimo, mstari ukapinda, akaendelea kuandika.